Mama Machozi Amekauka

Mlango uligongwa Jumapili asubuhi, na Mama Machozi alipoufungua aliona boksi lenye miguu. Lilikuwa boksi kubwa, limemficha aliyelibeba tangu puani hadi magotini, na juu yake palichomoza paji la uso lililolowa jasho.

"Hodi hodi," boksi likasema. "Ndipo hapa anapokaa yule mama anayelia?"

"Karibu. Mama yupi anayelia?"

"Wa redioni. Wa mchezo wa Jumamosi jioni." Boksi likashushwa sakafuni, na nyuma yake akatokea mtu mzima mwembamba, mwenye tai ya njano na tabasamu la mtu aliyezoea kufungiwa milango usoni. "Kumbe ndiye wewe! Nimekutambua kwa sauti. Mama, kabla sijakaa, nakuomba kitu kimoja tu. Lia."

"Nilie?"

"Kidogo. Kionjo tu."

Mama Machozi hakuwa mama wa mtu. Jina hilo alipewa na wasikilizaji, na alilipata kwa jasho, au tuseme kwa kilichomtoka machoni. Katika mchezo ule wa redio alikuwa amezika waume, mama wakwe na ng'ombe mmoja aliyependwa kuliko hao wote. Alikuwa na kilio cha mjane, kilio cha mjane aliyemchukia marehemu, kilio cha binti anayeolewa kwa lazima, na kilio cha jirani aliyekuja msibani kwa ajili ya chakula. Watu walizima pasi zao ili wasikilize. Dereva mmoja wa lori aliwahi kupiga simu studio kusema kwamba ameegesha pembeni mwa barabara kwa sababu haoni mbele.

Lakini hayo yalikuwa ya zamani. Tangu aanze kumeza vidonge vya sonona, Mama Machozi hakuwa ametoa hata chozi moja, na pale studio hakuna aliyejua. Katika vipindi vya karibuni mwandishi wa mchezo alikuwa amempa mambo ya kupika na kugombana tu, naye akamshukuru Mungu kimyakimya.

"Sisi tunatengeneza tishu," mgeni alikuwa akieleza, huku akilipiga boksi kibao cha upendo. "Wewe unaliza watu. Sasa Mungu atuunganishe mara ngapi? Mwongozaji wenu ameniambia mchezo utaondolewa hewani mwisho wa mwezi kwa kukosa mdhamini. Mimi nikasema, haiwezekani! Jumamosi ijayo mumeo anakufa, si ndiyo?"

"Anakufa. Ameumwa na nyoka tangu mwezi uliopita."

"Basi nitakuja kukaa nyuma ya kioo nisikilize. Ukilia kama ninavyokujua, kampuni inaudhamini mchezo mwaka mzima, na sura yako inakaa kwenye kila boksi la tishu. Kila boksi, mama! Sasa, tafadhali. Kionjo."

Mama Machozi akafumba macho. Akawaza mambo mazito: kaburi, mvua, mtoto aliyepotea. Akahisi kitu kinapanda kifuani, kinafika kooni, kinafungua mdomo. Kikatoka. Ulikuwa mwayo, mrefu na mpana, wenye mlio wa mlango usiotiwa mafuta.

Bwana Tishu alitikisa kichwa kwa heshima. "Nimekuelewa," akasema. "Unavuta pumzi, unafunga duka. Fundi hagawi kazi yake bure." Akamwachia boksi zima kama zawadi, akaondoka akipiga mluzi.

*

Ukitaka kumtendea haki Mama Machozi, usivisengenye vidonge vyake. Vilimkuta kitandani amegeukia ukuta. Wakati ule Jumamosi alikuwa akienda studio, analia kwa ustadi watu wanampigia makofi, kisha anarudi nyumbani na kulala hadi Jumamosi nyingine bila kufungua pazia. Aliyevunja kimya hicho ni mdogo wake, msusi, mwanamke mfupi mwenye vidole vya chuma na ulimi wa aina hiyo hiyo. Alikuja, akamwogesha dada yake kama mtoto, akamvalisha, akamkokota hadi kliniki, na daktari alipoandika dawa, msusi akamkamata dada yake mkono.

"Niahidi," alisema. "Siku ukitaka kuacha hata kidonge kimoja, utaniambia mimi kwanza. Kabla. Si baada ya kuacha."

"Nakuahidi."

"Usiniahidi kama unavyomwahidi fundi cherehani. Niahidi kweli."

Akaahidi kweli. Na vidonge, taratibu, vikamwinua. Akafungua pazia, akafagia. Akaanza kula chakula akiwa amekaa mezani badala ya kukitazama akiwa amelala. Ila vilikuja na mizigo yao, kama mgeni mwema anayekuja na watoto watundu. Miayo ilimjia bila kubisha hodi. Ndoto zake zikawa na rangi kuliko maisha: usiku mmoja aliota ameolewa na friji, na mawifi wakawa wanalalamika kwamba ananguruma usiku. Na hisia zake, ambazo zamani zilikuwa zinamchoma kama chai iliyotoka jikoni sasa hivi, zikawa vuguvugu zote. Furaha na huzuni zilimfikia kama redio ya jirani inayosikika kupitia ukuta: unajua kuna wimbo, lakini hushiki maneno.

Jirani yake alikuja siku moja akitweta, nyumba yake imevunjwa usiku na wezi. Mama Machozi wa zamani angelia pamoja naye hadi wezi wenyewe waone aibu. Huyu wa sasa alisema, "Pole sana, jirani," akapiga mwayo, kisha akauliza kama wezi wameiacha ile ndoo aliyomwazima. Jirani aliondoka bila kuaga. Mama Machozi alikaa akiutazama mlango, akijua kwamba angepaswa kuona haya, na akaitafuta haya yenyewe kila mahali ndani yake kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.

Hilo ndilo lililomsumbua, hata kuliko mchezo. Kabla ya vidonge alikuwa mgonjwa, lakini alijijua. Sasa alikuwa mzima, na hakuwa na hakika huyo mzima ni nani.

*

Jumatano kulikuwa na mazoezi. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichobandikwa magodoro ukutani, kipaza sauti kikining'inia katikati, na kioo kikubwa kilichowatenga na chumba cha mitambo. Mwongozaji alikuwa mtu mnene mwenye moyo laini na sauti ngumu. Wa pili alikuwa Kishindo, fundi wa sauti, ambaye kwa beseni la maji, viatu vya zamani na trei ya kokoto aliweza kukuletea mafuriko, harusi au jeshi zima. Kwa sababu ya uhaba wa watu, Kishindo ndiye pia aliyekuwa mume anayekufa.

"Nakufa, mke wangu," alisema Kishindo, akiwa amechuchumaa juu ya kokoto. "Nyoka yule... hakuwa wa kawaida."

"Usife, baba," alisema Mama Machozi, kwa sauti ya mtu anayemwambia mwenzake asisahau mwavuli.

"Simamisha!" Mwongozaji akagonga kioo. "Mama, huyo ni mume wako. Si kondakta. Kilio kiko wapi?"

"Kinakuja."

"Kinakuja na basi gani?"

Wakajaribu tena. Ukatoka mwayo. Wakajaribu tena. Kishindo, ambaye aliamini kila tatizo lina kifaa chake, akatoka nje, akarudi na kitunguu kilichokatwa, akakishika chini ya pua ya Mama Machozi. Machozi yakabubujika kweli, yakamlowesha hadi kwenye kola. Lakini kifua kikabaki kimya kama bomba lililokatiwa maji.

"Redio haioni machozi," alilalamika Mwongozaji. "Redio inataka kwikwi! Ngoja. Ngoja nikusimulie jambo." Akaingia chumbani, akavuta kiti, akamsimulia kuhusu mbwa wake wa utotoni, jinsi alivyomfuata shuleni kila siku, jinsi alivyomngoja langoni hata alipokuwa amezeeka na kupofuka, na jinsi siku moja alivyotoka darasani asimkute. Alipofika hapo mwenyewe akashindwa kuendelea. Kishindo aligeukia ukuta, mabega yakimtetemeka.

"Pole sana, bosi," alisema Mama Machozi. "Alikuwa wa rangi gani?"

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Huyu alifichuliwa na kukosa kilio. Akaona hakuna pa kujificha tena, akawaambia yote: kitanda, ukuta, mdogo wake, daktari, vidonge.

Mwongozaji alimshika mkono, akampa pole iliyotoka moyoni, kwa maana hakuwa mtu mbaya. Kisha mtu mwingine aliyekuwa ndani yake, yule mwenye mchezo unaokufa mwisho wa mwezi, akapata sauti.

"Lakini mama... si unaweza kuviacha kidogo tu? Hadi Jumamosi. Jumapili unaendelea. Ni kama kuahirisha kufua."

"Sijui kama ni kama kufua, bosi."

"Mimi sikulazimishi. Nakuambia tu ukweli: bila wewe hatuna mdhamini, na bila mdhamini mimi na huyu Kishindo tutakwenda kuuza beseni."

Kishindo alilitazama beseni lake kwa macho ya mtu aliyeambiwa mwanawe atauzwa. "Hili haliuzwi," akasema.

"Mimi sitaufanya mchezo ufe," Mama Machozi akasema. Hakujua atafanyaje, lakini alilisema.

*

Alhamisi akameza. Ijumaa akameza. Jumamosi asubuhi alikitoa kidonge, akakitazama kiganjani, kidogo na cheupe, hakina hata sura ya kitu kinachoweza kugombanisha watu. Akakifunga kwenye tishu, akakitia mkobani, akaenda studio.

Asubuhi nzima mkoba ule ulimwelemea kama una tofali ndani. Alijaribu kujidanganya kwamba hajakiacha, amekichelewesha tu. Lakini alimjua mdogo wake. Asingeupokea uongo huo hata kwa mkopo. Na alikuwa ameahidi: kabla, si baada. Mchana, huku Kishindo akipima sauti za kokoto na Bwana Tishu amekwisha kufika na kuketi nyuma ya kioo na tai yake ya njano, Mama Machozi alitoka kwenda koridoni, akapiga simu.

"Dada," alisema msusi. Nyuma yake kulisikika mashine ya kukausha nywele. "Upo salama?"

"Nipo. Nilikuahidi nitakuambia kwanza. Basi nakuambia. Cha leo sijakimeza. Nataka kuviacha hadi mchezo uishe, nipate kulia."

Mashine ya kukausha nywele ikazimwa.

"Uko wapi?"

"Studio."

"Usimeze chochote. Meza! Hapana. Usifanye lolote. Nakuja."

Saluni haikuwa mbali. Msusi alifika anahema, chanuo limechomekwa nywelini mwake na vidole vinang'aa mafuta. Nyuma yake alikuja mwanamke mwingine, mnene, mwenye upole usoni, taulo mabegani. Nusu ya kichwa chake ilikuwa imesukwa vizuri, mistari imenyooka. Nusu nyingine ilikuwa imesimama wima kama kichaka kilichopokea habari mbaya.

"Huyu ni nani?" aliuliza Mama Machozi.

"Mteja."

"Siwezi kurudi nyumbani hivi," mteja alieleza kwa adabu. "Mume wangu atauliza nusu nyingine nimempa nani. Endeleeni tu, mimi sipo."

Msusi alimgeukia dada yake. "Kwanza nisikilize. Unadhani hicho kidonge ni koki? Kwamba ukiacha kukimeza leo, jioni machozi yanatoka shaa? Daktari alituambia wote wawili, ukiviacha ghafla utapata kizunguzungu na vichomi vya kichwa, na ule ugonjwa unaweza kurudi. Machozi hakuyataja."

"Sasa nifanyeje? Watu wanapoteza kazi kwa ajili yangu!"

"Na mimi nilipokuwa karibu kukupoteza wewe, nani alilia redioni?"

"Usianze."

"Naanza. Unajua mimi ule mchezo siusikilizi? Watu wote saluni wanauliza, mbona dada yako yuko hewani na wewe unazima? Nazima kwa sababu nakijua kile kilio. Kile hukukitoa kwenye karatasi ya mwandishi. Nilikikuta nyumbani kwako, nyuma ya pazia. Watu walikuwa wanapiga makofi, na mimi nikawa najiuliza, wanampigia makofi mtu anayezama?"

"Lakini sasa mimi si mtu," alisema Mama Machozi, taratibu. "Mdogo wangu, uliponiambia umepata saluni yako mwenyewe, nilikwambia hongera, na ndani kulikuwa kimya. Nilijua ninafurahi. Sikuisikia tu. Wewe unajua kuishi hivyo kukoje? Umeokoa nyumba isiungue, lakini imebaki haina taa."

Ulimi wa chuma wa msusi ulikuwa umepata joto na kulainika. "Hilo hukuniambia," akasema.

"Niliogopa utaniona sina shukrani."

"Mjinga wewe. Mambo hayo hayo ndiyo ya kumwambia daktari. Dawa inaweza kupunguzwa, inaweza kubadilishwa, lakini yeye ndiye afanye, si mtu wa redio. Jumatatu yupo kliniki. Utakwenda umwambie yote, hata ya kutia aibu, na hadi hapo huruki hata kimoja. Niahidi."

Mama Machozi akautazama mkoba wake, akautazama mlango wa studio. "Nakuahidi," akasema. Akakifungua kidonge kutoka kwenye tishu, akakimeza pale pale kwa maji ya chupa ya mdogo wake, na wakashikana mikono yenye mafuta.

Hapo ndipo iliposikika sauti.

Ilianza kama paka aliyefungiwa kabatini. Ikapanda, ikavunjika katikati, ikashuka kwa ngazi ndogondogo za kwikwi, ikapumzika, ikapanda tena upya. Dada wawili wakageuka. Mteja alikuwa ameegemea ukuta, taulo limemfunika nusu ya uso, analia kwa kifua kizima.

"Samahani," alisema. "Jamani... nyumba haina taa... samahani, mimi sipo!"

Mlango wa studio ukafunguka. Mwongozaji alitokeza kichwa, macho yamemtoka kama mvuvi aliyeona kamba inavutwa.

"Nani huyo?"

"Nusu Kichwa," alisema msusi. "Mteja wangu."

"Mama," Mwongozaji alimwambia mteja, kwa sauti ya mtu anayeposa, "tafadhali, usinyamaze."

*

Saa ya mchezo ilipofika taa nyekundu ikawaka. Mama Machozi alisimama upande mmoja wa kipaza sauti. Upande wa pili aliketi mteja, na nyuma ya mteja alisimama msusi akimalizia nusu ya kichwa iliyobaki, maana alisema yeye haachi kazi njiani. Mpango ulikuwa rahisi: Mama Machozi atasema maneno, mteja atatoa kilio, na nchi nzima itadhani ni mtu mmoja.

"Nakufa, mke wangu," alianza Kishindo, kokoto zikilia chini yake.

"Usife, baba," alisema Mama Machozi, na akamgusa mteja begani. Kilio kikaja, kikajaa chumba. Nyuma ya kioo Bwana Tishu akainuka nusu kutoka kitini, mkono kifuani.

Tatizo la mteja ni kwamba hakuwa na koki ya kufunga. Alimlilia mume kabla hajafa. Alilia mume alipoomba maji. Kishindo alipofika kwenye siri kubwa ya mchezo, mahali alipozika hati ya shamba, hakuna msikilizaji aliyesikia ni wapi. "Mke wangu, nyamaza, nakwambia siri!" alipaza sauti mtu anayekata roho, na hilo halikuwa kwenye karatasi. Msusi alivuta msokoto mmoja kwa nguvu ili kumtuliza; mteja akapiga yowe la kweli. Kishindo akashtuka, akateleza kwenye kokoto, akaangukia beseni la maji. Mume aliyeumwa na nyoka, nyumbani kwake, kitandani, alisikika akifa maji.

Na hapo Mama Machozi akahisi kitu kinapanda kifuani.

Alidhani ni mwayo, akajiandaa kuumeza. Haukuwa mwayo. Kilikuwa kitu chenye joto, kilichomtekenya mbavu, kikafika kooni na kukataa kurudi. Kilikuwa kicheko. Hakikuwa kikubwa, wala hakikumfungulia milango yote. Lakini kilikuwa chake, na kilisikika upande wake wa ukuta. Akajifunika uso kwa tishu. Mabega yakamtetemeka. Alipojaribu kusema "mume wangu," yakatoka mapande mapande, "mu... mu... mume..." na wasikilizaji, majumbani mwao, wakasema: naam, huyu ndiye Mama Machozi wetu, amerudi.

Redio haina macho, lakini studio ilikuwa na kioo. Bwana Tishu alisogea, akaweka pua kwenye kioo, akayaona meno chini ya tishu.

*

"Alikuwa anacheka!" alisema baada ya taa nyekundu kuzimwa. "Mume amekufa, kwenye beseni, na mjane anacheka!"

"Simu zinaita hadi sasa," alisema Mwongozaji. "Watu wanalia, bwana. Yule dereva wa lori ameegesha tena."

Bwana Tishu alikuwa mtu wa biashara, na simu zilizokuwa zikiita zilimlainisha. Alikubali kuudhamini mchezo mwaka mzima. Kishindo, aliyelowa hadi kiunoni, alilikumbatia beseni lake. Kisha Bwana Tishu akawatazama wanawake wawili, mmoja mkavu, mwingine bado anajipangusa chini ya kichwa kilichokamilika na kupendeza.

"Lakini kwenye boksi kuna nafasi ya sura moja," akasema. "Na mwenye sura ndiye atakayekuwa Mama Machozi redioni, ili watu wasichanganyikiwe. Wasikilizaji wanamjua huyu wa zamani, kwa hiyo mimi namtaka yeye. Na picha, mama, haitaki kwikwi. Vitunguu ruksa! Njoo tu Jumatatu saa nne asubuhi, ulowe kidogo, tumemaliza."

Mwongozaji alishangilia. Mama Machozi alibaki amesimama.

"Jumatatu asubuhi nina daktari," alisema. "Mchana haiwezekani?"

"Mpiga picha anasafiri mchana."

"Jumanne?"

"Mashine ya kuchapa inaanza Jumanne. Mama, ni picha tu! Daktari hakimbii."

Daktari kweli hakimbii, lakini pale kliniki alikuwa akifika Jumatatu tu, asubuhi tu, na foleni yake haikungoja mtu. Msusi alikuwa mlangoni akifunga vichanuo vyake. Alisikia kila neno, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakusema lolote. Uso wake ulisema: kama unataka kwenda kwenye picha, sitakulaumu. Hilo lilikuwa gumu kuliko kama angegomba.

Mama Machozi alilifikiria lile jina. Alilivaa miaka mingi, lilikuwa limemkaa mwilini kama nguo iliyofuliwa hadi ikalainika. Akamgeukia mteja.

"Kichwa chako kimetoka vizuri," akamwambia. "Jumatatu utaweza?"

"Mimi?" Mteja akaanza kulia papo hapo. "Jamani, jina lako? Siwezi. Nitaona vibaya."

"Ukiona vibaya, lia. Ndiyo kazi yenyewe. Jumamosi nitakufundisha kunyamaza, maana hicho ndicho bado hujui."

*

Jumatatu saa nne asubuhi benchi la kliniki lilikuwa limejaa. Mama Machozi, ambaye kufikia jioni asingekuwa tena Mama Machozi, alibanwa kati ya mzee aliyekuwa akisinzia na msichana aliyekuwa akitafuna kucha. Simu yake ikaita. Alikuwa Mwongozaji.

"Mama, bado hujachelewa," alisema kwa kunong'ona kwa nguvu. "Huyu mwenzio amelia hadi rangi aliyopakwa imemtiririka, mpiga picha anampangusa. Una kama nusu saa. Chukua teksi. Nakuomba, hiyo sura ni yako!"

Akamwona kwa mawazo yule mwanamke mpole kwenye maboksi, madukani, mezani, karibu na vitanda vya watu. Kitu kikamchoma. Kilikuwa kidogo, kama sindano kupitia blanketi, lakini kilichoma, na hakikumfurahisha hata kidogo.

"Mwambie ainue kidevu," akasema. "Akiinama anaonekana ana mafua." Akaizima simu.

Muuguzi aliita. Akaingia, akafunga mlango nyuma yake. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoshuka puani na meza isiyo na nafasi ya kuweka hata kikombe.

"Habari za siku?" daktari aliuliza, kalamu tayari. "Dawa zinaendaje?"

Kila mara alikuwa akijibu "vizuri tu, daktari," kisha anatoka kabla kiti hakijapata joto. Leo alikivuta kiti karibu na meza, akaweka mkoba chini.

"Daktari," akasema, "una muda? Maana nimeacha mengi nje ili nije kukwambia haya, na sitaki kuruka hata moja."

Daktari akamtazama juu ya miwani, akaiweka kalamu chini.

"Anza popote," akasema.

Naye akaanza.